Mbinja Chini ya Boneti

Mama mkwe ndiye aliyeisikia mwanzo. Tulikuwa tunarudi Ngamiani kutoka kumjulia hali mgonjwa Raskazone, hapa Tanga, yeye kakaa kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani, akasema gari linapiga mbinja. Baba watoto akapunguza redio, akasikiliza, akasema ni upepo wa dirishani. Mama mkwe akapandisha kioo. "Bado linapiga," akasema, na kwa kuwa magharibi ilikwisha kuadhiniwa akaongeza kwamba mbinja ya usiku huita nyoka. Hapo neno lake likapotea. Likatiwa kapu moja na kufagia nyumba usiku na makatazo mengine ya wazee, na kwa muda mrefu hakuna aliyelikumbuka.

Nyumba yenyewe wakati ule ilikuwa na shughuli kubwa zaidi. Shemeji yangu, kitinda mimba wa mama mkwe, alikuwa amepata mchumba Lushoto. Barua ya posa ilikwisha kupelekwa na kujibiwa kwa wema, na wazee wa kule walikuwa wametaja Jumamosi ya kupokea wageni na mahari. Msafara ungekuwa wa magari mawili: la kukodi la akina mama, na letu, dogo la cc 1,500, lililoingia nchini kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika. Letu ndilo lingembeba mama mkwe, sanduku, na mshenga. Mshenga wetu alikuwa baba mdogo wa mume wangu, mzee aliyeendesha malori ya mkonge tangu ujana wake.

Aliyewahi kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto anajua kwa nini afya ya gari ilikuwa mazungumzo ya kila mlo. Barabara ni ya lami, lakini ni kilomita 30 na ushee za kona, ukuta wa mlima mkono mmoja na bonde mkono wa pili, ikikwea kupitia Soni mpaka mji ulioko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari. Sisi tunakaa usawa wa bahari hasa. Gari likikuzimikia huko linakuacha kwenye kona, na lori la kabichi linashuka mbele yako.

Na letu lilikuwa limeanza kuchoka. Sailensi, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ilipanda na kushuka yenyewe. Tukisimama njia panda usukani unatetema, mshale wa mizunguko unacheza, mara injini inataka kuzima. Petroli ikawa inakwisha upesi kuliko desturi. Kisha ikawaka ile taa ya manjano yenye picha ya injini, chekinjini, na nyumba nzima ikaanza kuitazama kila gari lilipowashwa.

Fundi wetu wa mtaani ni mtu mwaminifu, na nalisema hili mapema kwa sababu yaliyofuata yangeweza kumfanya msomaji amdhanie vibaya. Alichomeka kisomeo chake kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani, kikatoa msimbo P0171. Maana yake mchanganyiko ni mwepesi: hewa nyingi, petroli kidogo. Injini ya petroli hutaka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli, na kompyuta ya injini, ambayo mafundi huiita kontroboksi, inautafuta uwiano huo karibu muda wote injini inapounguruma. Inaletewa habari na sensa ya oksijeni iliyofungwa kwenye ekzosi. Sensa hiyo ikishapata joto, nyuzi 300 na zaidi, huonja moshi na kutoa umeme mdogo sana: karibu volti 0.9 petroli ikizidi, karibu 0.1 hewa ikizidi. Kontroboksi inasoma, inaongeza au inapunguza petroli, inasoma tena.

Msimbo ni malalamiko, hautaji mkosaji. Kontroboksi yetu ilikuwa inasema tu kwamba sensa inaona hewa nyingi. Je, sensa ndiyo inayoona vibaya, au hewa kweli ni nyingi? Fundi akaamua sensa imezeeka. Mpya ikaagizwa Dar es Salaam, ikaja na basi ndani ya boksi la viatu, pamoja na plagi nne na kichujio cha hewa. Huku anaisubiri, akafungua throto, ule mlango wa duara unaopitisha hewa kuingia kwenye injini, akausugua kwa dawa mpaka chuma kikang'aa. Masizi yaliyotoka yalichafua matambara mawili yasifae tena kwa kazi nyingine.

Jioni akafunga kila kitu, akawasha. Injini ikapanda mpaka mizunguko 1,700 kwa dakika na kukaa papo hapo, gari limesimama, mguu hauko kwenye pedeli. Kabla ya spea mpya lilikuwa linatetema. Baada ya spea mpya linanguruma. Na taa bado inawaka.

Baraza likakaa ukumbini usiku ule. Baba watoto alishikilia kuwa sensa ni bandia na irudishwe. Muuza duka, alipopigiwa simu, akasema kilichokwisha kufungwa kwenye gari hakirudi dukani. Fundi, mikono ikinuka petroli, aliapa kwamba kazi yake ni safi, nami nilimwamini. Baba mdogo akamaliza chai yake kwanza.

"Bedford langu la petroli lilikuwa na kabureta," akasema. "Kuna skrubu ya hewa, kuna skrubu ya sailensi. Gari likikosea, unageuza kwa bisibisi, unasikiliza kwa sikio, unageuza tena. Hili lenu mnasema linajirekebisha lenyewe. Haya, likijirekebisha vibaya, nani atalirekebisha?"

Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko sote tulivyojua usiku ule, maana kontroboksi hairekebishi tu na kupita, inakumbuka. Masizi yalipokuwa yanajikusanya kwenye throto mwezi baada ya mwezi, njia ya hewa ilizidi kuwa nyembamba, na kontroboksi, kwa kutumia mota ndogo inayouzungusha ule mlango, ilijifunza kuufungua zaidi kidogo, na zaidi kidogo, ili injini isizime. Ilihifadhi kipimo hicho. Kisha akaja fundi akaondoa masizi yote kwa jioni moja bila kuiambia. Mtu aliyezoea kusukuma kwa bega mlango uliovimba kwa mvua, seremala akiupiga randa yeye hayupo, ataingia ndani kwa kishindo. Ndivyo ilivyokuwa injini yetu: mlango umekuwa safi, lakini bado unafunguliwa kwa kipimo cha uchafu, na hewa inaingia tele.

Shemeji hakusema neno barazani. Alikuwa anahesabu siku za kufika Jumamosi. Nyumba ilipolala akatoka na tochi ya simu na spana namba 10, akafungua boneti, akachomoa terminali hasi ya betri. Hajasomea magari, ila alikuwa amesikia vijiweni kwamba betri ikitolewa gari husahau. Akaiacha hivyo mpaka alfajiri, akairudisha, akafunga boneti kwa kuisindikiza na viganja isipige kelele, akaenda zake msikitini.

Asubuhi baba watoto akawasha gari. Taa ya chekinjini haikuwaka. Mizunguko ikashuka mpaka mahali pake. Binti yetu mdogo akakimbia ndani kupiga kelele kwamba gari limepona, na mama mkwe akapiga vigelegele pale pale uani na ungo wa mchele mkononi. Fundi akapigiwa simu, akashukuriwa. Ikaonekana spea mpya zilihitaji kulala usiku mmoja ndani ya gari zikubali.

Jambo moja tu lilitia doa furaha. Redio ilikufa. Tuseme haikufa: iliwaka, ikaonyesha maandishi ya Kijapani na nafasi ya kuandika namba, ikagoma hapo. Msomaji mwenye gari la Japani huenda anaujua ukurasa huo. Redio nyingi zenye ramani hujifunga zikikatiwa umeme, ili mwizi akiing'oa isimfae, na kuifungua hutaka kadi yake ya ramani au namba ya siri inayotokana na namba ya redio yenyewe. Kadi yetu hatukuwahi kuiona tangu gari lishuke melini. Ndani ya redio ile mlikuwa mmechomekwa flashi ya mama mkwe, yenye nyimbo za Black Star na Lucky Star, taarabu ya mji huu huu alioolewa nayo. Alikuwa ameipanga isikilizwe mpaka Lushoto. Baba watoto akasema redio imeharibika kwa ajali ya bahati mbaya. Shemeji akaitazama sakafu.

Furaha ilidumu mpaka Jumatano. Baba watoto alilipeleka gari Muheza na kurudi, na njiani, karibu na Pongwe, taa ikawaka tena. Sailensi ilikuwa imekwisha kuanza kupepesuka tangu siku iliyotangulia. Kontroboksi nyingi haziwashi taa ya kosa la namna hii mara ya kwanza. Hutaka kuliona katika safari mbili ndipo ziseme. Hivyo siku zile ambazo sisi tulikuwa tunashukuru, yenyewe ilikuwa inakusanya ushahidi upya.

Sasa nyumba ikaingia katika hali mbaya. Mtu mmoja akataka tukodi gari la pili na kuongeza gharama juu ya mahari. Jirani mmoja, kwa nia njema, akaja na kipande cha plasta nyeusi akashauri kibandikwe juu ya ile taa ili ugeni usione. Nililikataa hilo kwa ukali, na ningelikataa leo. Taa ile ina historia inayostahili heshima. Jimbo la California, baada ya miaka mingi ya moshi mzito juu ya Los Angeles, lililazimisha magari ya kuanzia toleo la 1988 yajichunguze yenyewe na kumwambia dereva yanapoanza kuchafua hewa. Kufikia toleo la 1996 Marekani nzima ikaweka kanuni moja, na soketi ile ya pini 16 ikawa ya kawaida. Sensa ya oksijeni nayo ilitengenezwa na Bosch ikafungwa kwanza kwenye magari ya Volvo mwaka 1976 kwa ajili ya soko hilo hilo. Taa ile iliwekwa ili pumzi za watu wa mji mmoja zisalimike, na inawaka Tanga kwa sababu ile ile. Kuibandika plasta ni kuwaambia watoto wanaotembea kando ya barabara wavute tu.

Alhamisi jioni akaingia mpwa wa mume wangu. Ni binti wa dada yake, anasoma ufundi wa magari VETA, na alikuwa amekuja kwa ajili ya posa, begani na mfuko wa nguo na mwingine wa vifaa. Alinisalimu, "Shikamoo mkazamjomba," akambusu bibi yake mkono, akala, na baada ya kula akaomba ufunguo. Hakufungua boneti. Alichomeka kisomeo kidogo kinachozungumza na simu, akatazama kioo kwa muda, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nani kachomoa betri?"

Hakuna aliyejibu. Akatuonyesha mashahidi watatu. Saa ya dashibodi ilikuwa nyuma kwa masaa mengi, kwa maana ilianza kuhesabu upya. Redio imejifunga. Na shahidi wa tatu, ambaye mimi nilikuwa simjui: kontroboksi hujipangia majaribio ya mwenendo wake, la sensa, la kichujio cha moshi kwenye ekzosi, na mengine, na kumbukumbu ikifutwa majaribio hayo hurudi mwanzo na kusomeka kuwa hayajakamilika. Ya gari letu yalikuwa hayajakamilika. Ninaliandika hili kwa herufi zangu zote kwa ajili ya kila anayekwenda kununua gari lililotumika: taa isiyowaka haitoshi. Mwambie fundi wako akusomee majaribio hayo. Yakiwa yote hayajakamilika, huenda kuna mtu amefuta kitu siku za karibuni, na una haki ya kumuuliza ni nini.

Shemeji akasimama akasema ni yeye. Baba watoto akamkodolea macho, akaitazama redio, akamtazama tena. Mama mkwe ndiye aliyelimaliza.

"Mwacheni. Kijana anataka mke."

Binti akaendelea. Akawasha injini, akatuonyesha tarakimu moja kwenye simu yake, ile inayosema kontroboksi imeongeza petroli kwa asilimia ngapi juu ya kipimo cha kiwandani. Injini ikiwa kwenye sailensi, asilimia 28. Akamwomba mjomba wake akanyage mpaka mizunguko 2,500 na kushikilia hapo. Tarakimu ikashuka, ikashuka, ikatua kwenye 6. Akatabasamu. Sensa mbovu, akaeleza, ingedanganya kotekote. Hapa kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, baada ya sensa inayopima hewa, kwa hiyo kontroboksi haina habari nayo mpaka ionjwe kwenye moshi. Injini ikipumua polepole, hewa hiyo ya wizi ni sehemu kubwa ya pumzi nzima. Injini ikipumua kwa nguvu, tundu ni lile lile, lakini hewa ya njia halali imekuwa nyingi mno, ya wizi haionekani tena.

"Kuna tundu mahali," akasema. "Na tundu la hivi, sailensi ikiwa chini, mara nyingi hulia."

"Mbinja," akasema mama mkwe.

Sote tukageuka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, wala hakuwa anajigamba. Alilisema kama mtu aliyechoka kulisema.

Binti akamshika mkono bibi yake akamleta mbele ya boneti iliyo wazi. Akakata kipande cha mpira wa bustani, ncha moja akampa bibi aiweke sikioni, nyingine akawa anaisogeza yeye kati ya mabomba, mbali na feni na mikanda. Mama mkwe alifumba macho. Huku hakuna. Huku hakuna. Sogeza. Nyuma zaidi. Hapo. Binti akapenyeza vidole nyuma ya mabomba ya hewa, chini, mahali pasipofikiwa na jicho, akabana, na injini ikatulia ghafla mpaka tukasikia kuku wa jirani. Akaachia, ikaanza kutetema. Akabana tena, ikatulia.

Fundi aliitwa usiku ule ule, akaja kwa bodaboda. Ulikuwa mpira mfupi unaorudisha mvuke wa injini kwenye njia ya hewa, umekauka kwa joto la miaka mingi, umepasuka upande wa chini. Akaupindapinda, ukakatika mkononi mwake. Mpya ulipatikana asubuhi kwa bei isiyofika nauli ya kwenda kuununua Dar. Lakini kitendo cha fundi kilichonigusa ni kingine. Alitia mkono kwenye boksi lake la vifaa akatoa sensa ya zamani, ile aliyoihukumu, akaifuta, akamwambia binti kwamba ilikuwa inasema kweli muda wote. Kisha akamwuliza, mzee kwa kijana, namna ya kuisoma ile tarakimu kwenye mizunguko miwili. Akafundishwa pale pale, kwenye mwanga wa tochi.

Mpira ulipofungwa Ijumaa, baba watoto akataka safari ianze. Binti akakataa. Sasa ndiyo wakati wa kufuta, akasema, wala si kabla. Kontroboksi ilikuwa imeshika kwamba injini hii inahitaji nyongeza ya asilimia 28, na sasa tundu limezibwa; ingeendelea kumwaga petroli ya ugonjwa kwenye injini nzima. Ingejirudi yenyewe baada ya muda, ila katika muda huo plagi mpya zingepata masizi na sisi tungepanda mlima tukinuka petroli. Shemeji, kwa haya, akaleta spana yake. Akairudisha mfukoni, maana binti hakuigusa betri. Alifungua boksi la fyuzi chini ya boneti, akatafuta kwenye mfuniko neno EFI, ambalo magari mengi ya Toyota huliandika kwenye fyuzi inayolisha kontroboksi, na kwa kikoleo kidogo cha plastiki akaichomoa hiyo peke yake, ufunguo ukiwa umekwisha kutolewa. Saa haikuguswa. Kama angekuwapo siku ile ya kwanza, redio ingekuwa inaimba. Vitabu vya ufundi husema sekunde 60 na kuendelea. Yeye aliiacha nje mpaka watu wakamaliza swala ya asri. Akatuonya pia kwamba hili si la kila gari: yako magari, hasa ya Ulaya, yanayoandika kumbukumbu hizi mahali pasipotegemea umeme, na hayo hata betri ikilala nje usiku kucha hayasahau, mpaka mashine iyaamuru.

Kisha ikaja sehemu ambayo naikumbuka kuliko zote, ijapokuwa ndani yake hakuna kilichotokea. Alirudisha fyuzi, akawasha swichi bila kupiga stata, akangoja kidogo, akapiga stata, akatoka nje ya gari, akaweka kiti mbele ya mlango wa dereva akakaa. Sharti lilikuwa moja: asiyeitwa asiguse kitu. Kontroboksi ilikuwa inajifunza upya mlango wake wa hewa ulivyo, nayo hujifunza vizuri injini ikiachwa ipate moto taratibu, bila kiyoyozi, bila taa, bila mguu.

Hakuna nyumba iliyo tayari kuliacha gari linaunguruma lisiguswe. Watoto walitaka kupanda. Jirani aliomba apelekwe sokoni kwa kuwa gari tayari limewashwa. Baba mdogo ndiye aliyepata taabu hasa. Bedford lililoamka na baridi lilitaka kuvutiwa choki na kupigiwapigiwa mafuta, na kwa maisha yake yote, injini inayosuasua ni injini inayomwita dereva. Kila sailensi ilipoyumba mguu wake ulicheza ndani ya kiatu. "Mjukuu wangu, mguse kidogo tu." "Babu, subiri." Mizunguko ilianza juu, 1,300 hivi, ikashuka, ikayumba, ikakaribia kuzima hata mama mkwe akataja jina la Mungu, ikajiinua, ikayumba kidogo zaidi ya hapo, halafu kidogo tu. Feni ikaruka, ikazunguka, ikanyamaza. Mshale ukasimama kwenye 700 na haukutikisika. Baba mdogo akavua kofia yake akaivaa tena.

Ndipo binti akaingia, akawasha kiyoyozi, akangoja mshale utulie. Akawasha taa, akangoja. Akakanyaga breki, akaweka gia ya D, akangoja. Kisha akampeleka mjomba wake barabara ya Muheza, mwendo wa pole, mwendo wa kasi ya wastani, kuachia mafuta bila breki, kusimama, kuondoka. Gia zilibadilika kwa mshtuko mwanzoni, kwa maana nazo zilikuwa zinajifunza, zikalainika kabla ya kurudi. Tarakimu ya nyongeza iliyokuwa 28 ilisoma 2.

Jumamosi tulitoka alfajiri. Segera, Korogwe, mashamba ya mkonge pande zote, Mombo tukanywa chai, tukaanza kupanda. Redio ilikuwa kimya, ukurasa wa Kijapani unatutazama. Baada ya kona za kwanza mama mkwe akaanza kuimba mwenyewe, nyimbo zile zile zilizokuwa zimefungiwa ndani, na baba mdogo, mshenga, mtu mzito wa maneno, akawa anamwitikia kiitikio. Sikuwa najua kwamba anaziimba. Gari lilipanda Soni kwa gia ndogo bila kulalamika, madirisha yako wazi kwa sababu baridi ilikuwa nzuri, na tulifika Lushoto kabla ya gari la kukodi.

Mahari ilipokelewa. Maneno yalikuwa mazuri, pilau ilikuwa ya watu wanaojua, na siku ya ndoa ikatajwa. Wazee wakiwa bado wanakunywa kahawa, baba mkubwa wa bibi harusi mtarajiwa, ambaye alikwisha kuhadithiwa na mshenga habari zote za safari, akamwita mpwa wetu nje. Kulikuwa na pikapu chini ya mti wa parachichi, na kwenye dashibodi yake kipande cha plasta nyeusi mahali pa chekinjini. Binti akakibandua kwa kucha. Akazunguka mbele, akainua boneti, akachungulia kwa muda mrefu, akauliza kama nyumbani humo kuna spana namba 10.

Shemeji akatia mkono mfukoni mwa kanzu yake mpya, mbele ya wakwe zake wote, akaitoa.